Nilivyompeleka mamangu Malta mwezi wa nane, na niliyokosea

Mamangu ana miaka 67 na magoti yote mawili yanamsumbua, na mimi mwanawe nikampeleka kisiwa cha mawe na ngazi mwezi wa nane, jua la kupasua kichwa. Siku ya pili alikaa kitako kwenye ngazi za Valletta, mji mkuu wao, akavua kiatu, akaniambia, "Mwanangu, mimi hapa siondoki tena." Hii kitu nimekaa nayo moyoni karibu mwaka mzima. Sai nimeona niiandike, manake kwenye grupu zetu huku Ujerumani kila siku kuna mtu anauliza wazazi wakija kutembea awapeleke wapi, na Malta inatajwa sana kwa sababu tiketi zake si ghali. Nendeni, kwa kweli nendeni, lakini msiende vile nilivyoenda mimi.

Nianze na makaratasi kwanza. Mimi ni nesi, kwetu Mombasa, huu ni mwaka wangu wa sita naishi karibu na Frankfurt. Mama alikuja kwa viza ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tukalipa euro 90 ya viza, na mimi huku nikaenda ofisi ya wageni kuandikisha ile barua rasmi ya kumdhamini, euro 29. Viza tuliomba ubalozi wa Ujerumani kwa sababu huko ndo alikuwa anakaa siku nyingi zaidi, hilo ni muhimu, unaomba kwa nchi utakayokaa zaidi, si ile tiketi yake imekuja rahisi. Malta imo ndani ya Schengen tangu 2007 kwa hiyo viza ile ile inafika mpaka huko, hakuna kuomba nyingine. Lakini angalia bima, iwe inashika nchi zote za Schengen na isiwe chini ya euro 30,000, manake kuna wengine wananunua bima ya nchi moja tu halafu wanatembea nchi tatu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo. Nilijiambia hii ni safari ya ndani, hakuna uhamiaji, nikabeba pasi ya mama peke yake, bima na barua ya udhamini nikaacha nyumbani kwenye droo. Wakati wa kurudi tukasimamishwa. Mama kajitanda leso yake, mimi na skafu yangu, abiria wengine wanapita tu, sisi tumewekwa kando tunaulizwa huyu mama anakaa kwa nani, anarudi lini kwao, bima yake iko wapi. Dakika 25. Mama hajui wanachosema, ananiangalia mimi usoni aone kama kuna shida, na mimi najilazimisha kutabasamu ili asiogope. Nilituma meseji kwa jirani aingie nyumbani apige picha karatasi. Tuliachiwa, lakini ule uso wa mama siutaki tena. Bebeni karatasi zote, za asili, na mwenyewe mzazi umwekee kopi kwenye mkoba wake.

Tiketi mbili kwenda na kurudi zilitoka euro 388, nikaona nimepata. Kumbe mkoba wa mama ulikuwa umezidi kipimo, tukalipa tena euro 60 mlangoni pale, hela ambayo ningelipa mapema kwa intaneti isingefika hata nusu. Mama alikuwa amebeba halua na kashata za kutupa njaa, asingeziacha, na mimi nisingemwambia aziache.

Hoteli nayo nilichagua kwa bei. Ilikuwa karibu na Paceville, na Paceville kwa asiyejua ndo mtaa wa disko wa Malta, vijana wa Ulaya nzima wanakuja kucheza ngoma pale mpaka alfajiri. Mama ni mtu wa kulala saa tatu na kuamka kuswali. Usiku wa kwanza hakulala kabisa, na hakulalamika, na ndo maana niliumia zaidi, asubuhi nikamkuta ameketi kitandani na tasbihi macho mekundu. Nikahama siku ya pili, hela ya usiku mmoja ikapotea. Mkiwa na wazee tafuteni chumba Valletta kwenyewe au Sliema mbali na hizo klabu, au mkae Gozo kabisa, kisiwa cha jirani, ambako kumetulia.

Kitu kimoja kilimfurahisha mama siku ile ile. Malta ilitawaliwa na Waingereza mpaka 1964, mwaka mmoja baada ya sisi kupata uhuru, na wamebaki na mambo yale yale tunayoyajua, gari zinapita kushoto na soketi za ukutani ni zile za meno matatu kama za kwetu. Chaja zangu za Ujerumani zote hazikuingia. Chaja ya mama aliyotoka nayo Mombasa ikaingia moja kwa moja, siku sita zote tukachajia hiyo moja. Na kuvuka barabara mama ndo alikuwa ananishika mkono, manake mimi nimeshazoea kuangalia upande wa pili.

Sasa zile ngazi. Malta ni ndogo, kisiwa chote pamoja na vile vidogo vya Gozo na Comino ni kama kilomita za mraba 316, Unguja peke yake inaingiza Malta mara tano. Ukitazama ramani unadhani kila mahali ni karibu, na ni karibu kweli, ila ni juu na chini. Valletta imejengwa juu ya kilima kirefu kinachoingia baharini, mji wenyewe ulianzishwa 1566, mwaka mmoja baada ya vita vikubwa ambavyo Waturuki walizingira kisiwa na wale mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wapiganaji wa dini wa Kikristo, wakawazuia, na jina ni la kiongozi wao, Jean de la Valette. Kwa hiyo ni mji uliojengwa kwa ajili ya vita, kuta ukiziangalia kutoka majini unakumbuka Fort Jesus, ila hapa ni kama Fort Jesus kumi zimeunganishwa. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, ni zama zile zile.

Tulikuwa tumetoka kwa feri ndogo kutoka ile Miji Mitatu ng'ambo ya bandari, tukashuka chini na mimi nikaona ngazi nikasema tupande. Joto nyuzi 34. Hapo ndo mama alipokaa akavua kiatu. Kilichoniuma, dada mmoja anayeuza maji akaniuliza mbona hamkupanda lifti, kumbe kuna lifti pale pale chini, mita 58, inakutoa bandarini mpaka bustani ya Upper Barrakka kwa pesa kidogo sana. Tulikuwa tumeipita hatua chache tu. Tukarudi chini polepole, tukapanda lifti, na juu kule ukitokea unaona bandari yote imelala mbele yako, ngome, meli, maji ya buluu, mama akanyamaza muda mrefu akasema "Subhanallah". Saa sita mchana wanapiga mzinga pale, na saa kumi tena, mkitaka kuona fikeni mapema mpate kivuli.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana lina jambo la kuambizana pia. Nje ni jengo la kawaida kama bohari, ndani ni dhahabu tupu ukutani, na humo ndo kuna ule mchoro mkubwa wa mchoraji Mwitaliano Caravaggio wa 1608, Yohana anakatwa kichwa, ndo peke yake katika kazi zake aliyoweka sahihi, na sahihi ameiandika kwenye damu inayomwagika. Sasa sakafu yake yote ni mawe ya makaburi ya wale mashujaa, karibu 400, marmaru za rangi zimechorwa mafuvu na mifupa. Mama alipoelewa hayo ni makaburi ya watu akagoma. "Sikanyagi makaburi ya watu, wawe wa dini gani." Akakaa kwenye kiti ukutani karibu na mlango, akawasomea dua. Mimi nikaingia peke yangu kuona Caravaggio, na mpaka leo nikiukumbuka ule mchoro namkumbuka mama kule nyuma na mikono yake wazi. Kama una mzazi mwenye msimamo kama huo, mwambie kabla hamjalipa. Na mkivaa viatu vyenye visigino vyembamba hamuingii, wanalinda marmaru.

Kosa kubwa kuliko yote ni Hypogeum. Hili wekeni akilini. Pale Paola chini ya nyumba za watu kuna makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba, ghorofa tatu kwenda chini, ya miaka zaidi ya 5,000, watu kama 7,000 walizikwa humo, na yaligunduliwa 1902 na mafundi waliokuwa wanachimba matangi ya maji. Kwa sababu pumzi za watu zinaharibu rangi za ukutani wanaingiza watu 10 tu kwa zamu, zamu chache kwa siku. Tiketi zinaisha wiki nyingi kabla, majira ya joto hata miezi. Mimi nilifika mlangoni na mama, tumevaa vizuri, nina hela mkononi. Yule mhudumu alikuwa mpole, akanionyesha tu kalenda. Imejaa mpaka mwezi wa kumi. Baadaye nikasikia kuna tiketi chache zinauzwa siku moja kabla, ghali zaidi, na watu wanapanga foleni asubuhi, lakini siku zetu zilikuwa zimebanana tayari. Kama mnaenda Malta, nunueni tiketi ya Hypogeum kwanza, halafu ndo mnunue ya ndege kufuata tarehe hiyo.

Siku ile haikupotea yote lakini. Kutoka pale mlangoni unatembea dakika chache unafika mahekalu ya Tarxien, yamefunikwa na paa kama hema kubwa, kuna kivuli, kuna njia ya mbao tambarare, mama alitembea bila shida. Mle kuna nakala ya nusu ya chini ya sanamu ya mwanamke mkubwa, miguu minene na sketi ya marinda, sehemu ya juu imepotea. Na hapo hapo Paola ndo kuna msikiti, tukaswali Adhuhuri, mama akapata kina mama wawili Wasomali wakaongea kwa ishara na kwa Kiarabu cha duani mpaka nikawa nawasubiri nje. Kesho yake tukaenda jumba la makumbusho la Valletta kumwona yule Bibi Aliyelala, kasanamu ka udongo kalikotoka Hypogeum, kadogo, sentimita 12 tu, mwanamke mnene amelala ubavu mkono chini ya kichwa. Wamemweka chumba chake peke yake, taa hafifu. Mama alimwinamia kwenye kioo akasema, "Huyu amelala kama bibi yako alivyokuwa akilala mchana." Na kweli.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya niipende Malta, na hakiko kwenye vitabu vya watalii. Ni lugha yao. Waarabu walitawala kisiwa kuanzia mwaka 870, wakaja Wanormani wa Kikristo 1091, watu wakawa Wakatoliki kabisa lakini ulimi ukabaki wa Kiarabu, wakauchanganya na Kiitaliano na sasa Kiingereza, wanauandika kwa herufi za kizungu. Mama hajui Kiingereza hata kidogo. Tuko stendi ya basi Marsaxlokk, kuna mama mzee amekaa na kikapu cha samaki, anahesabu sarafu zake kwa sauti, mara mama akanigusa. "Umesikia? Amesema sita. Amesema saba." Nikamwambia labda umesikia vibaya. Mama hakunijibu, akamgeukia yule bibi akaonyesha kwa mkono, akasema "Bahari." Yule bibi akamwangalia akasema "Baħar!" Jameni, walianza pale. Dunia, kwao ni dinja. Kitabu, ktieb. Mauti, mewt. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Mimi nikawa nasaidia kwa Kiingereza panapokwama. Yule bibi akaonyesha mnara wa kanisa akasema knisja, mama akasema kanisa, akasema qassis na isqof, mama akasema kasisi, askofu, wakashikana mikono wakicheka.

Halafu akatuambia sikukuu zao. Krismasi wanaiita Milied. Pasaka wanaiita Għid, ukilisikia ni Idi kabisa. Na mfungo wao wa kabla ya Pasaka ni Randan, mama akauliza "Ramadhani?" yule bibi akatikisa kichwa ndiyo ndiyo. Mama alikaa na hilo siku nzima. Usiku akiwa anapaka mafuta magoti akaniambia, "Wana Idi, wana Maulidi, wana Ramadhani, na ni Wakristo. Mbona hawa watu ni ndugu zetu na hatukuwahi kuambiwa." Tangu siku hiyo hakuwa mgeni tena, kila dukani anaingia na neno moja la kujaribu.

Hiyo Marsaxlokk kwenyewe nendeni Jumapili asubuhi, kuna soko la samaki, ingawa siku hizi limejaa na fulana za watalii. Cha kuangalia ni zile mashua, wanaziita luzzu, zimepakwa rangi za manjano, buluu na nyekundu, na mbele kila upande zina jicho. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha Lamu, na majahazi ya Lamu yana macho pia pale omoni. Mama alisimama mbele ya zile mashua, sikumharakisha. Alisema babake alikuwa akisema chombo kisichokuwa na jicho hakioni njia ya kurudi. Mimi hiyo sikuwahi kuisikia maishani mwangu, ilibidi twende Malta ndo nisimuliwe.

Karibu na hapo kuna pango la Għar Dalam, wengi wanalipita, sisi tuliingia kukwepa jua. Ndani wamekuta mifupa ya viboko na tembo wadogo wadogo waliokuwa wakiishi pale zamani za baridi kali, bahari ilipokuwa imeshuka wanyama wakaweza kuvuka kutoka Sicily, halafu wakabaki kisiwani wakazidi kuwa wafupi. Kiboko, katikati ya Mediterania. Mama alitaka nimpigie picha na yale meno amtumie shangazi yangu Garsen ambako viboko wa Tana wanamlia mahindi.

Gozo ndo nilikosea tena, na hili ni la kalenda. Nilipanga twende tarehe 15 mwezi wa nane bila kujua kuwa hiyo ni Santa Marija, sikukuu kubwa kabisa, Malta nzima inahamia Gozo. Foleni ya feri pale Ċirkewwa ilikuwa ya saa mbili juani, watoto wanalia, kivuli hakuna cha kutosha. Mimi nesi mzima sikubeba maji ya kutosha na mama anatumia dawa ya presha. Mdomo ulimkauka, akaanza kuniambia kichwa chepesi, nikaomba watu watupishe mbele na kwa kweli walitupisha, mwanamume mmoja akatoa kiti chake cha kukunja na maji baridi. Nilitetemeka mikono mpaka tumefika ndani ya feri. Bebeni maji lita mbili kila mtu na chumvi za kuchanganya, na wenye wazee wa presha nendeni mwezi wa nne au wa kumi, jua linakuwa la kiungwana. Feri yenyewe ni dakika kama 25 tu, na nauli unalipa wakati wa kurudi, kwenda hulipi.

Ila Ġgantija! Mahekalu yale yana zaidi ya miaka 5,500, yametangulia mapiramidi ya Giza karibu miaka elfu, na mawe mengine yanamzidi mtu kimo mara mbili. Wenyeji wa zamani walisema alijenga jitu la kike, anakula maharage na asali, kabeba mtoto wake begani huku anapanga mawe. Mama hilo alilikubali haraka. "Nani mwingine angeweza," akasema, "na mtoto begani." Aligusa jiwe moja la nje kwa kiganja kisha akajipangusa usoni, kama anavyofanya kwenye magofu ya Gede.

Lile dirisha la mawe la baharini mnaloliona kwenye picha, Azure Window, halipo tena, lilianguka kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017, msilipe mtu anayewauzia safari ya kuliona. Pale Dwejra lilipokuwa bado pazuri lakini ni juani kweupe. Sisi tulienda ufuo wa Ramla badala yake, mchanga mwekundu, na mama akanifundisha kuwa ndo maana kuna kupiga ramli, ramli ni mchanga. Aliingiza miguu majini na leso yake, akakaa hapo mpaka jua likashuka, magoti yakatulia. Blue Lagoon ya Comino hatukuenda, nilishamchosha vya kutosha.

Chakula kwa sisi tusiokula nguruwe si shida, samaki tele, mkate wao na nyanya na mafuta ya zeituni, na pastizzi, zile za njegere au jibini, ila ulizeni kwanza kama unga wake haukutiwa mafuta ya nguruwe, unashiba kwa hela kidogo, mama anaziita sambusa za kuoka. Basi nilinunua kadi ya wiki, euro 25 kila mmoja, ikalipa, lakini msitegemee muda wa basi, mwezi wa nane linakuja limejaa na linakupita. Ndo maana siku mbili za mwisho nilichukua teksi nikaacha kuhesabu. Jumla yote siku sita ilifika kama euro 1,450 kwa watu wawili, na katika hizo si chini ya 250 ni makosa yangu niliyoyataja hapa.

Mama amerudi Mombasa. Magoti amefanyiwa mazoezi, anatembea vizuri zaidi. Wiki iliyopita tumeomba viza tena, na safari hii nimeshanunua tiketi mbili za Hypogeum za mwezi wa nne, saa nne asubuhi, kabla viza haijatoka, najua ni hatari na hela hairudi. Lakini nafasi zilikuwa zimebaki tatu.